Nilivyokaa Safu ya Kwanza

Kwa miaka ishirini na kitu kazi yangu mjini Nizwa imekuwa ni kuwakalisha watu. Sisemi kuwakaribisha, kukaribisha kuna wenyewe, wenye mabirika na vyetezo. Mimi nawakalisha. Penye kufunguliwa barabara, penye kugawiwa vyeti, penye chochote chenye utepe wa kukatwa, mimi huwa nimeshafika mapema na bahasha yangu ya karatasi na gundi, nabandika vyeo kwenye viti. Chumba changu cha kazi ni kidogo na mlango wake unatazamana na choo, lakini hakuna mkubwa wa upande huu wa Oman ambaye makalio yake sikuwahi kuyapangia mahali.

Nchi yetu ina heshima zake, na heshima hizo zina ngazi. Waziri ni Maali. Anayemfuatia chini, pamoja na liwali, ni Saada. Kuna Mukarram, ambaye yuko kwenye baraza la kuteuliwa. Kuna Sheikh, na chini ya Sheikh kuna Rashid, mkubwa wa mtaa. Kuna Daktari hata wa mambo yasiyohusiana na maradhi, na kuna Muhandisi. Wote waliobaki, tangu karani mpaka muuza majani ya ng'ombe sokoni, ni Fadhil. Neno lenyewe ni zuri, maana yake mtu mwenye fadhila, lakini sijamwona bado mtu anayefurahi kuandikiwa.

Nimewahi kurudishiwa bahasha na bwana mmoja wa Ibra kwa sababu nilimwandika Fadhil na yeye kasomea uhandisi wa mabomba ya maji machafu. Nikambadilishia. Siku ya sherehe akaja, akaitazama karatasi yake ya Muhandisi, akaibandua, akaipindua kuona kama nyuma yake kumeandikwa kitu, kisha ndiyo akakaa. Mwingine alinipigia simu mara tatu kwa siku moja kuniuliza kama Sheikh huandikwa kabla ya Daktari au baada yake. Nilipomwambia kabla, alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepona. Nilijiuliza mkewe humwita kwa lipi kati ya hayo mawili anapomtuma dukani akanunue vitunguu.

Mimi mwenyewe ni Fadhil, na nilikuwa nikidhani mambo haya yananichekesha tu. Mwenye kupanga viti, nilijiambia, hana haja na kiti.

Nyumbani kwetu kila mtu ana msamiati wake wa wakubwa. Baba yangu ni mtu wa Unguja mjini, na kwake yeye watu wa juu ni mabwana wakubwa, na walio chini ni akina yakhe, na yeye amejiweka kwa akina yakhe wala haoni tabu. Akipenda huongeza kwamba muungwana ni kitendo. Huo ni msemo mzuri sana, na kazini kwangu nimeusikia zaidi midomoni mwa watu waliokuja kulalamikia safu ya tatu. Mke wangu kwao ni Ibra, lakini wazee wake walirudi kutoka Tabora, na shemeji yangu bado anazungumza kama yuko kituo cha treni: wakubwa kwake ni vigogo na wazito, na sisi wengine ni walalahoi, hata yeye mwenyewe mwenye maduka mawili ya vipuri na gari inayopanda ngazi yenyewe. Watoto wangu wanasema hamuri. Ni neno la Kiarabu la samaki chewa, na vijana wa Ghuba wote humwita hivyo tajiri anayemeza wadogo. Wazee wetu walisema avumaye baharini papa kumbe wengi wapo, na kweli, siku hizi papa kapinduliwa na chewa.

Sasa iko siri moja ya kazi yangu ambayo nataka ifahamike, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayataeleweka. Kiti cha mbele hakiachwi wazi. Mkubwa akikosa kuja, kamera za televisheni zitaonyesha pengo, na pengo kwenye safu ya kwanza ni aibu kuliko jino lililong'oka. Kwa hiyo, dakika za mwisho, tunamchukua mtu wetu wa ofisini mwenye kanzu iliyonyooka, kilemba kizuri na jambia kiunoni, tunaibandua ile karatasi na kumkalisha. Anakaa wima, anatazama mbele, anakunywa kahawa ya mwenyewe, na mambo yakisha anarudi kubeba viti. Sisi wa ofisini tukiwaita hao foronya. Nimewakalisha foronya wengi sana, na wote niliwasisitizia mambo mawili: usizungumze, na usigeukegeuke.

Mwaka juzi skuli moja ya Manah ilitimiza nusu karne. Baba yangu alikuwa mmoja wa walimu wake wa mwanzo. Alifika kutoka Unguja na sanduku moja la nguo, akapelekwa Manah kusomesha Kiingereza na hesabu kwenye mahema, na chaki ilipokwisha hesabu ziliandikwa mchangani kwa kipande cha kuti. Aliowasomesha leo wana wajukuu. Mpaka sasa baba akimkuta mtu wa Manah mwenye mvi humwuliza saba mara nane ni ngapi, papo kwa papo, hata msibani, na nimewaona watu wazima wenye ndevu nyeupe wakihesabu vidole ndani ya mikono ya kanzu. Katika walimu wale wa mahema wamebaki hai wawili, na mwenziwe hatoki kitandani. Kwa hiyo ilikuwa baba peke yake.

Mkuu wa skuli alinipigia simu kabla sijaanza hata kukata karatasi. Alitaka baba akae safu ya kwanza, karibu na mgeni wa heshima, ambaye alikuwa Maali aliyetoka Maskati. Alisema sherehe ni ya skuli, na skuli ni mwalimu. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya kazini kwamba safu ya kwanza ina utaratibu wake, na kwamba walimu wa zamani wana safu yao, ya saba, pamoja na wazazi. Akasema huyo ni baba yako. Nikamwambia ndiyo maana hasa siwezi. Watu watasema nimempendelea. Nilipokata simu nilijiona mwadilifu kweli kweli. Nilijipongeza mpaka nikajitengenezea chai.

Ilikuwa uwongo, na nilijua kuwa ni uwongo wakati maji yanachemka. Mkurugenzi wangu aliniachia mimi niamue, na angekubali lolote. Nilichokiogopa ni baba. Niliogopa mashine yake ya sikio inayopiga mluzi. Niliogopa Kiarabu chake, ambacho ni safi kabisa lakini kina mwendo wa Unguja, na wako watu wakikisikia hutabasamu kwa namna ninayoijua tangu nikiwa mdogo. Zaidi ya yote niliogopa atamshika Maali mkono na kumwuliza saba mara nane mbele ya televisheni, na Maali asijue.

Nilimpigia baba kumwambia nafasi yake. Nilimweleza utaratibu wote, kwamba safu ya kwanza ni ya kina fulani na ya pili ni ya kina fulani, na nikamwambia safu ya saba iko mahali pazuri, ina upepo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata.

"Nitaona lakini?" aliniuliza.

Nikamwambia ataona. Dada yangu, anayekaa naye Manah, alinisimulia baadaye kwamba tangu siku ile baba aliitoa kanzu yake mpya akaitundika mlangoni, na kila asubuhi akiipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Siku ilipofika uwanja wa skuli ulipendeza. Tulisimamisha hema kubwa lenye mapazia. Safu ya kwanza ilikuwa ya makochi meupe, na kila kochi lina meza yake ndogo ya kioo, kasha la tishu na kisahani cha tende. Safu ya pili na ya tatu zilikuwa viti vya kitambaa. Kuanzia ya nne viliendelea kushuka hadhi mpaka ya saba, ambayo ilikuwa ya plastiki, nayo ilikuwa na tatizo ambalo sikulijua nilipomwambia baba ataona: watu wa televisheni walikuwa wamejenga jukwaa lao la kamera mbele yake hasa. Kutoka pale mtu aliona miguu mitatu ya kamera na mgongo wa fundi.

Niliwaona baba na dada wakiingia. Baba alikuwa na fimbo yake na kanzu ile, na kilemba alichofungwa na dada kimeinama kidogo kushoto. Alisimama mlangoni mwa hema akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta uso anaoujua. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya makochi na gundi mkononi. Nilijisemea nikimaliza nitakwenda kumwamkia. Vijana wa mapokezi wakampeleka kwake, kwenye plastiki, na mimi nikaendelea kunyoosha karatasi iliyokuwa imeshanyooka.

Robo saa kabla ya mgeni wa heshima kufika ikaja habari kwamba Saada mmoja aliyekuwa atoke Sur hatokuja. Huko huko Sur kulikuwa na uzinduzi mwingine na hakuweza kuukimbia. Kochi lake lilikuwa la tatu kulia kwa Maali, mahali ambapo kamera haiwezi kulikosa. Mkurugenzi wangu akaangaza macho kwa wafanyakazi wetu. Mmoja alikuwa amemwagikiwa kahawa, mwingine kavaa kofia tu bila kilemba. Akanitazama mimi, tangu kilembani mpaka viatuni.

"Kaa wewe," alisema. "Na usiseme sana."

Nikaibandua karatasi, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikakaa.

Naomba nisiwe mnafiki katika kusimulia hili. Lilikuwa kochi zuri. Lilinipokea taratibu, likanishika kiunoni, likaniuliza miaka yote hii nilikuwa wapi. Chetezo kililetwa kwangu kabla ya watu mia nne. Kahawa ilikuja na kijana aliyeinama, na finjani ya pili ilinifikia kabla sijaimaliza ya kwanza. Kutoka pale mbele hakuna anayeonekana isipokuwa maua na bendera, na mtu akikaa hapo dakika kumi huanza kuamini kwamba nyuma yake hakuna watu, kuna shangwe tu.

Maali aliingia, tukasimama, akapita akitushika mikono. Bwana wa mapokezi alikuwa akimsomea orodha sikioni. Walipofika kwangu akasoma kilichoandikwa: Saada, kutoka Sur. Nikafungua mdomo nisahihishe. Maali akanitabasamia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza vipi ile njia mpya ya huko.

"Alhamdulillah," nikasema, "kazi inaendelea."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na mimi nikaridhika kwamba ameridhika. Kwa muda ule mfupi niliona kweli nimeijenga hiyo njia, na kwamba kilichobaki ni taa tu.

Qurani ikasomwa, hotuba zikasomwa, watoto wa skuli wakaimba. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba sasa skuli inamtunukia ngao mwalimu wake wa mwanzo, akamtaja Fadhil fulani, jina la baba yangu lote mpaka la babu. Kwenye safu ya kwanza tukasimama kwa heshima.

Baba alitoka safu ya saba. Alilizunguka jukwaa la kamera, akashika zulia la katikati, akaja kwa mwendo wake bila kumkubalia kijana aliyetaka kumshika mkono. Ilichukua muda. Watu walianza kupiga makofi, na wazee wa Manah walikuwa wamesimama huko nyuma, nikasikia mmoja wao akisema kwa sauti, hamsini na sita, watu wakacheka. Kumbe jibu walikuwa nalo miaka yote.

Akafika mbele ya Maali. Baba hakumwuliza hesabu. Alizungumza sentensi tatu kwa Kiarabu, za shukrani, fupi, hakuna mwalimu wa lugha ambaye angezigusa kwa wino mwekundu. Mashine ya sikio haikupiga mluzi. Maali akampa ngao, halafu akafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba yangu. Alisema kwamba na yeye alisomeshwa na mwalimu aliyetoka Unguja, akainama na joho lake lote, akambusu baba kichwani.

Kisha baba akaanza kupita kwenye safu, kupewa mkono na kila mkubwa. Liwali alikuwa wa kwanza, baada yake mwingine, na wa tatu nilikuwa mimi.

Tangu nilipopata akili sijawahi kukutana na baba yangu bila ya kumbusu kichwani na kumwambia shikamoo. Nilifanya hivyo siku ya harusi yangu, nilifanya hivyo nilipomtoa chumba cha upasuaji, hata hajazinduka vizuri. Si jambo ambalo mtu hulifikiria. Lakini siku ile nililifikiria. Maali alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anatutazama kwa furaha. Nikisema shikamoo, atauliza. Nikimbusu, ataambiwa kwamba Saada wa Sur ni karani wa viti na huyu ni baba yake aliyemweka nyuma ya kamera. Yote hayo yalinipitia, na mkono wangu ukawa umeshanyooka mbele, kama wanavyonyoosha wenyewe, kiwiko kimebanwa ubavuni.

"Mabruk," nikasema.

Baba akanitazama usoni. Hakushtuka. Alikuwa na macho yale ya mwalimu anayemwona mtoto kakaa dawati si lake, na anamwachia kwanza aone mwenyewe. Akaupokea mkono wangu, akautikisa mara moja.

"Allah yibarik fik, saadatak," akasema, akapita kwa anayefuata.

Kwa wasioijua lugha, alinirudishia pongezi na akaniita mtukufu. Lakini baba hakuwahi hata siku moja kusema nami Kiarabu. Kiarabu kwake ni cha serikali, cha daktari na cha watu asiowajua. Nilikaa kwenye kochi na kahawa ya tatu ikaja, nikainywa.

Sherehe ilipokwisha nilichukuliwa na msafara wa safu ya kwanza kwenye hema la chakula, na wakubwa hawali haraka. Nilipotoka, dada alikuwa ameshamrudisha baba nyumbani. Nikavua jambia nikaanza kukusanya karatasi kwenye viti.

Video ya sherehe ilisambaa kwenye simu za jamaa tangu alasiri. Shemeji yangu alinipigia kutoka Ibra akiniita kigogo, akanieleza kwamba alijua siku nyingi kwamba mimi ni mzito ila nilikuwa najificha, na akaingiza hapo hapo maneno ya kibali chake kimoja kilichokwama. Mama mkwe alipika vitumbua akawagawia majirani. Binamu zangu wa Sur, ambao huyo Saada wa kweli ni jirani yao na wanamjua kwa sura, nao walinipongeza vile vile. Walisema kochi ni kochi. Binti yangu, aliyeajiriwa benki, aliingia na simu mkononi.

"Baba, kiti yako ilikuwa ya mbele kabisa, mashallah," aliniambia. "Umekuwa hamuri."

Niliwaeleza wote kwamba nilijaza tu nafasi. Niliwaeleza kwa sauti ya mtu anayetaka asisadikiwe. Ladha ya sifa ni mbaya kwa sababu mdomo huizoea siku ile ile.

Mke wangu peke yake hakusifu. Alikuwa anakunja nguo. Aliitazama video mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Na baba alikaa wapi?" akauliza.

Nikamwambia nyuma kidogo. Akaendelea kukunja.

Ijumaa nilikwenda Manah. Nilimkuta baba barazani kwake, nikambusu kichwani, nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa Kiswahili kile kile cha siku zote. Akaniuliza hali za watoto, akaniuliza kama gari yangu bado inavuja mafuta. Hakutaja sherehe. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya kuomba radhi, nimeyapanga njia nzima tangu Nizwa, na kwa kuwa hakuuliza, niliona si adabu kuyaanzisha. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilijiambia wazee wana subira, na kwamba haya yamepita.

Baada ya wiki chache skuli ilimpelekea picha kubwa, imetiwa fremu ya dhahabu. Ni ile ya kupeana mkono. Mpiga picha alimkosa Maali alipoinama, kwa sababu haikuwa kwenye ratiba, lakini sisi wawili tulitoka vizuri sana: baba na ngao yake, na mimi na kiwiko changu. Chini yake, kwa hati ya mapambo, kulikuwa na maelezo yaliyotolewa kwenye orodha yangu mwenyewe. Yalisema Saada fulani wa fulani, jina kamili la yule bwana wa Sur na cheo chake, akimpongeza mmoja wa walimu wa mwanzo. Jina la baba halikuandikwa.

Baba alimwambia dada aitundike mbele ya mlango, pale ambapo kila anayeingia huiona kabla ya kuona watu. Nilimwomba dada aishushe. Akaniambia nimwambie mwenye nyumba. Nikamwendea baba, nikasema haya maelezo yamekosewa, nitayapeleka yaandikwe upya. Akajibu kwa upole kwamba ya nini kuwasumbua, hati ya serikali haifutwi kwa kalamu. Nilitaka hapo nimwombe msamaha. Kilichonitoka ni kwamba fremu ni nzuri.

Basi kila Ijumaa nilikaa chini ya picha ile. Wa Manah wanaonijua wakiingia waliitazama, wakanitazama, wakaulizia habari za mvua.

Mwezi wa tende akaja mgeni kutoka Jalan Bani Bu Ali, mzee rika la baba, waliyesoma naye Unguja na walikuwa hawajaonana miaka mingi. Alikuwa na macho mabovu na ulimi mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nawahudumia. Mtoto wa nyumba ndiye anayemimina kahawa, amesimama, birika mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, hata awe na mvi. Mgeni alikunywa, akala tende, akasimulia yake, kisha akaiona picha. Akainuka akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Yakhe, huyu bwana mkubwa aliyekupa mkono nani?" aliuliza.

Baba aliyajua yale maelezo kwa moyo. Akamsomea bila kugeuza shingo, neno kwa neno, jina lote la yule bwana wa Sur mpaka la babu yake, na cheo chake. Akasema alikuwa mtu mwenye adabu zake.

Mgeni hakuondoka kwenye picha. Akaitazama, akanigeukia mimi na birika langu, akaitazama tena. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya baba, naona pale juu ya kichwa chake ambapo kofia humalizikia, na sikuweza kuinama wala kuondoka.

"Mbona kafanana na mwanao huyu?"

"Duniani wawili wawili," baba akasema, akaninyooshea finjani yake nimwongeze. "Mwanangu mie angenibusu kichwa."